UZI: Sukuma-vuta kwenye mahindi: vipimo, ratiba, na sababu za mashamba mengine kukosa matokeo

Afisa_Mazao

Wakuu, salaam. Kila msimu ukikaribia maswali ya sukuma-vuta yanarudi, na majibu mengi yanaishia "panda desmodiamu katikati, zungushia napia, basi". Ni kweli, lakini hayamsaidii aliyeshika kamba na jembe. Naweka vipimo hapa, wenye ujuzi wajazie.

Kwa wageni wa jambo hili: sukuma-vuta ni kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde, katikati ya mahindi kwa nia ya kuwasukuma wadudu, na napia, majani ya mifugo, kuzunguka shamba ili iwavute. Mfumo ulibuniwa na kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, Nairobi, kwa kushirikiana na Rothamsted ya Uingereza na watafiti wa kilimo wa Kenya, kuanzia miaka ya 1990. Majaribio ya shambani yalifanyika Mbita, kando ya Ziwa Viktoria. Majina yanayotajwa zaidi ni Zeyaur Khan, mtaalamu wa wadudu, na John Pickett, mkemia. Adui aliyelengwa mwanzoni alikuwa bungua wa mabua, nondo ambaye funza wake hutoboa mabua: Chilo partellus, aliyeingia Afrika kutoka Asia, na Busseola fusca, wa hapa hapa. Kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi, kikaja kuonekana kinapungua kwenye mashamba yale yale, na tangu 2017 tunaupima mfumo huu kwa viwavijeshi vamizi pia.

Chukua nusu eka, mita 40 kwa 50. Usizidishe mita 50 kwa 50 kwa kipande kimoja. Shamba likiwa kubwa ligawe, kila kipande kizungushiwe mpaka wake, kwa sababu mahindi ya katikati yakiwa mbali na napia mvuto unakuwa dhaifu.

Napia (mabingobingo) mistari 3 kuzunguka, sentimita 75 mstari hadi mstari, sentimita 50 shina hadi shina. Mstari wa nje una mita 180, wa kati 174, wa ndani 168. Jumla mita 522, yaani vipande kama 1,050. Ongeza mia moja vya kuzibia mapengo. Kila kipande kiwe na macho matatu, mawili yafukiwe, kimelazwa mshazari.

Kutoka mstari wa ndani wa napia acha mita 1 ndipo uanze mahindi. Ndani unabaki na mita 35 kwa 45. Mahindi sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kwa shimo, mistari 47 ya mita 45. Hiyo ni mimea 7,000 hivi. Desmodiamu inakaa katikati ya kila mistari miwili ya mahindi, mistari 46, urefu wote mita 2,070.

Mbegu ya desmodiamu ni kilo 1 kwa eka, kwa hiyo hapa gramu 500. Hesabu inatoka gramu moja kwa kila mita nne na ushee. Mkono mtupu hauwezi kumwaga kidogo hivyo kwa usawa. Changanya gramu 500 na kilo 2 za mchanga mkavu uliochekechwa, kisha pima gramu 54 za mchanganyiko kwa kila mstari. Ukifika mwisho wa mstari na kikombe bado kina kitu, rudi nao.

Mto_Mara

Asante mkuu kwa hesabu. Swali la kwanza ambalo mkulima atauliza: umemlia eneo kiasi gani?

Afisa_Mazao

Shamba lote ni mita za mraba 2,000, ndani yamebaki 1,575. Umetoa 425, yaani asilimia 21. Tusimfiche mkulima hilo. Asiye na mfugo wala jirani wa kumuuzia majani atahisi amenyang'anywa sehemu ya tano ya shamba, na ana haki ya kuhesabu kabla ya kukubali. Mwenye ng'ombe au mbuzi wa maziwa hesabu yake ni nyingine kabisa, maana majani ni zao.

Dudu_na_Mmea

Uzi mzuri. Naongeza kwa nini kila mstari upo pale ulipo. Mtu akielewa sababu hataanza kupunguza hiki na kile.

Nondo wa bungua hutaga usiku. Chilo hupanga mayai bapa juu ya jani kwa kulaliana kama magamba ya samaki. Busseola huyaficha kati ya ala ya jani na bua. Napia hutoa harufu ya majani mabichi kwa wingi zaidi saa ya kwanza ya giza, saa ile ile nondo jike anatafuta pa kutaga, kwa hiyo mayai mengi yanaangukia mpakani. Funza wakitoboa bua la napia, mmea unatoa utomvu wa gundi unaowanasa, na wanaofikia kuwa nondo ni wachache. Mpaka unaita na kuua kwa pamoja. Ndiyo maana huwezi kuweka majani yoyote tu. Mengine yataita wadudu na kuwalea vizuri, halafu watoto wao wahamie kwako.

Kwa kiduha kazi iko kwenye mizizi ya desmodiamu. Inatoa kemikali za aina mbili kwa wakati mmoja. Moja inaamsha mbegu ya kiduha iote, nyingine inazuia kimzizi chake kisishike mzizi wa mhindi. Mbegu imeota, haina pa kunyonya, inakufa. Hii ni tofauti na kung'oa tu. Kung'oa kunazuia mbegu mpya, ila ghala la zamani lililoko ardhini linabaki, na mbegu za kiduha hukaa hai kwa zaidi ya miaka 10. Desmodiamu inapunguza ghala lenyewe msimu hadi msimu.

Msimu wa kwanza kiduha kitaonekana bado. Mizizi ya desmodiamu haijatandaa. Kukiona usikate tamaa, king'oe kabla hakijatoa maua.

Nyanda_Green

Mkuu Dudu_na_Mmea, hapo kwenye "sukuma" kuna mjadala siku hizi. Tumezoea kusema harufu ya desmodiamu inamfukuza nondo. Ni kweli au ni mazoea?

Dudu_na_Mmea

Swali zuri sana. Maelezo ya miaka mingi ni kwamba majani ya desmodiamu hutoa terpeni za kuruka hewani, kama osimene, muda wote, na nondo akizinusa anaona kama mmea umeshavamiwa, anaondoka. Hapo ndipo jina la sukuma lilipotoka.

Kuna utafiti uliochapishwa kwenye jarida la eLife uliopima hewa inayozunguka desmodiamu, maabara na shambani, bila kuzipata zile terpeni kwa kiwango cha maana mmea ukiwa mzima. Nondo wa viwavijeshi walipowekwa kwenye handaki la upepo walitaga kwenye mahindi sawasawa, harufu ya desmodiamu iwepo isiwepo. Walichokiona kingine ndicho kinachonivutia mimi: viwavi waliototolewa punde walipendelea desmodiamu kuliko mahindi, lakini hawakukua, na hakuna aliyepona. Wakubwa kidogo walikutwa wamenasa na kutobolewa na vinyweleo vya majani, vigumu kwa sababu vina madini ya silika.

Pitisha kidole upande wa chini wa jani la desmodiamu iliyokomaa utavihisi, linagandia ngozi na nguo. Kwa kiwavi wa milimita moja au mbili, pale ni msitu wa ndoano.

Watafiti wengine waliokusanya hewa kwenye mashamba ya wakulima magharibi mwa Kenya wamezikuta kemikali za harufu za desmodiamu. Kwa hiyo mjadala haujafungwa, na inawezekana kabisa njia zote mbili zinafanya kazi kwa kiasi tofauti kulingana na mdudu. Kwa mkulima kuna funzo moja la vitendo hapa. Kiwavi mchanga wa viwavijeshi husafiri kwa kuning'inia kwenye uzi wa hariri na kupeperushwa na upepo. Akidondoka kwenye desmodiamu amekwisha. Akidondoka kwenye udongo mtupu ana nafasi ya kutambaa hadi mhindi mwingine. Mstari wenye mapengo ni mstari uliokufa nusu, hata kama harufu ipo.

Afisa_Mazao

Na hapo ndipo penye ugonjwa wa mashamba mengi. Ukiona shamba la sukuma-vuta limeliwa, usianze kuangalia napia, angalia desmodiamu. Karibu kila mara ni haba. Sababu nazozijua:

Kina. Mbegu ni ndogo sana, ikifukiwa sentimita 4 haitoki. Chora mfereji kwa kijiti chenye ncha, sentimita 1 hadi 2, funika kwa kufagia na tawi. Jembe lisihusike hapo.

Udongo wa mabonge. Kwa mahindi unaweza kuvumilia, kwa desmodiamu hapana. Lainisha ukanda wa sentimita 20 tu pale mstari utakapopita, si lazima shamba zima liwe unga.

Fosforasi. Miche ya mikunde inaanza kwa unyonge sana ikikosa fosforasi. Ukiwa na mbolea ya fosforasi ya TSP weka kidogo kwenye mfereji, funika kwa udongo, ndipo umwage mbegu.

Palizi ya kwanza. Hii ndiyo inayoua nyingi. Wiki ya tatu desmodiamu ina majani mawili matatu, na kibarua aliyezoea kupalilia mahindi anaifyeka yote akijua ni gugu. Weka vigingi ncha zote mbili za kila mstari, apite jembe kwenye mahindi tu, mstari wa desmodiamu upaliliwe kwa mkono. Palizi ya pili wiki ya tano hadi ya sita, hivyo hivyo. Ukikosa hizi mbili, umeukosa msimu.

Mama_Shamba_Tarime

Namwonyeshaje kibarua mche? Kwangu zinafanana na magugu matano tofauti.

Afisa_Mazao

Dada yangu, majani yake ni matatu matatu kwenye kikonyo kimoja kama ya maharage, ila ya mviringo zaidi na yana manyoya. Ile ya majani ya kijani, Desmodium intortum, ina vidoa vya rangi ya kutu upande wa juu wa jani. Ile ya majani ya fedha, Desmodium uncinatum, ina utepe mweupe unaofuata mshipa wa kati. Ng'oa mmoja kwa uangalifu, mpe aushike wakati anapalilia.

Kwa maeneo yenye vipindi vya ukame chukua ya kijani. Ya fedha hudhoofika mapema jua likikaza.

Kijana_wa_Bunda

Habari zenu wakubwa. Huku kwetu mvua haieleweki na napia inakauka. Nimesikia kuna nyasi ya brakiaria badala yake. Je, inaleta matokeo sawa?

Nyanda_Green

Ndiyo, ndiyo sukuma-vuta ya maeneo makavu: brakiaria aina ya Mulato II mpakani, desmodiamu ya majani ya kijani katikati. Inavumilia ukame kuliko napia, shina lake ni laini, mifugo hula bila kubakiza. Utafiti wa Midega na wenzake wa 2018 uliwafuata wakulima 250 wa maeneo makavu ya Kenya, Uganda na Tanzania waliotumia muundo huu. Viwavijeshi kwa mmea walipungua kwa asilimia 82.7 ukilinganisha na mahindi yaliyopandwa peke yake, na mavuno yalikuwa mara 2.7. Ni takwimu nzito.

Udhaifu wake ni utitiri mwekundu. Kiangazi kikiwa kirefu majani yanapata madoa ya njano kisha yanakauka kutoka nchani. Kata yote chini, walishe mifugo, yachipue upya mvua ikirudi. Kupuliza sumu mpakani ni kujiumiza, maana utamaliza na nyigu wanaokusaidia.

Napia nayo ina shida yake, ugonjwa wa kudumaa, umeenea sana magharibi mwa Kenya. Unaletwa na vijidudu vya fitoplazma vinavyobebwa na mdudu mrukaji wa majani. Dalili zinajitokeza baada ya kukata: machipukizi mengi, membamba, mafupi, yenye majani madogo ya njano. Shina likionyesha hivyo ling'oe na mizizi yake lichomwe. Usichukue vipande vya kupanda kwenye shamba ambalo hujaliona likichipua baada ya kukatwa, kwa sababu kabla ya hapo mmea mgonjwa unaweza kuonekana mzima kabisa.

Mto_Mara

Ratiba je? Napia, desmodiamu na mahindi vyote siku moja?

Afisa_Mazao

Napia itangulie. Ikiwezekana msimu mzima kabla, ikishindikana panda mvua za kwanza kabisa na mahindi yafuate. Lengo ni napia iwe imeyapita mahindi kwa urefu wakati nondo wanataga. Mpaka mfupi kuliko mahindi hauvuti kitu. Desmodiamu pamoja na mahindi, siku ile ile au siku moja mbili baada, udongo ukiwa na unyevu wa uhakika.

Kukata napia: ikifika mita 1 hadi 1.5, karibu miezi mitatu. Anza na mstari wa ndani, acha kisiki cha sentimita 10. Ukichipua vizuri ndipo ukate wa kati, halafu wa nje. Mtu anayefyeka mistari yote mitatu siku moja kwa sababu ng'ombe ana njaa ameondoa mtego, na mayai yote ya wiki hizo yanahamia kwenye mahindi.

Msimu wa pili usilime kwa maksai wala trekta kukatiza shamba. Desmodiamu ni ya kudumu, inakaa miaka. Ikate ibaki sentimita 6 hivi, lima ukanda wa mahindi tu kwa jembe la mkono. Kisha ipunguze tena wiki ya tatu na ya sita, la sivyo inapanda juu ya mahindi machanga na kuyalaza. Majani unayopunguza ni chakula bora cha mifugo. Changanya sehemu tatu za napia iliyokatwakatwa na moja ya desmodiamu.

Kijana_wa_Bunda

Na maharage? Bila maharage nyumbani hatuelewani.

Afisa_Mazao

Yanaingia, ila ndani ya mstari wa mahindi, shimo moja na mhindi au katikati ya shimo na shimo. Yasiende kwenye mstari wa desmodiamu, yatauziba ukiwa bado mchanga. Mtama pia unaweza kushika nafasi ya mahindi, vipimo vya desmodiamu na mpaka vinabaki vile vile.

Mkaguzi_Mazao

Naomba niongeze upande wa ukaguzi, maana kuna wanaodhani ukishapanda hivi huingii tena shambani.

Jua kwanza unashughulika na nani. Bungua huacha matundu madogo yaliyopangika kwenye majani yanayofunguka kutoka kwenye kilele, kisha jani la kati linakauka, ukilivuta linatoka lote. Kiwavijeshi vamizi anararua matundu makubwa yasiyo na mpangilio na anaacha kinyesi chenye unyevu kinachofanana na vumbi la mbao ndani ya kilele. Mkubwa ana alama ya Y iliyogeuzwa usoni na madoa manne meusi yaliyopangwa mraba karibu na mkia.

Kagua mara moja kwa wiki tangu mahindi yaote. Tembea kwa umbo la W, simama sehemu 5, kagua mimea 10 mfululizo kila sehemu. Mahindi yakiwa machanga, yenye dalili mpya zikifika asilimia 20, yaani mimea 10 kati ya 50, chukua hatua. Yakiwa makubwa lakini hayajatoa mbelewele, subiri asilimia 40. Yakishatoa mbelewele usipulize. Kiwavi ameshajificha kwenye gunzi, dawa haimfikii na wewe ndiye unayebaki na sumu.

Hesabu dalili mpya tu. Jani la zamani lenye matundu halimaanishi kiwavi yupo. Fungua kilele uangalie kinyesi kama bado kina unyevu.

Ukilazimika kupuliza, fanya jioni au alfajiri kiwavi akiwa juu, lenga kwenye kilele, na wadudu wawe bado wadogo, chini ya sentimita 1. Akishakuwa mkubwa anaziba kilele kwa kinyesi chake na dawa inaishia juu. Anza na dawa ya bakteria ya Bt au mwarobaini. Usirudie dawa ya kundi moja msimu mzima, wadudu hawa wanazizoea haraka, hasa za kundi la pairethroidi.

Dudu_na_Mmea

Naunga mkono, hasa kuhusu kuwaacha marafiki. Nyigu wadogo wa Cotesia hutaga ndani ya funza wa bungua. Cotesia flavipes aliletwa kutoka Asia na kuachiwa pwani ya Kenya mwaka 1993 kwa ajili ya Chilo. Kwa viwavijeshi kuna Telenomus remus, anayetaga ndani ya mayai ya nondo, naye ameshakutwa Afrika. Ukiona vifukofuko vyeupe kama punje za mchele mdogo vimejazana karibu na funza aliyekufa, usivisafishe. Ni watoto wa Cotesia. Siafu na buibui nao wanafanya kazi kubwa chini ya desmodiamu kwa sababu kuna kivuli na unyevu.

Na viua magugu: hapana. Desmodiamu ina majani mapana, dawa inayolenga majani mapana inaihatarisha, na ile ya kuua kila kitu haihitaji maelezo.

Mama_Shamba_Tarime

Mbegu ya desmodiamu ni ghali na mara nyingine haipatikani. Naweza kutumia vipande vya shina?

Nyanda_Green

Unaweza, na vinaziba mapengo haraka kuliko mbegu. Kata kwenye mmea uliokomaa, kipande cha macho matatu hadi manne, macho mawili yaende chini, panda siku hiyo hiyo asubuhi au siku ya mawingu, mvua zikiwa zimeshika. Vikisafirishwa vifungwe kwenye gunia lililoloweshwa. Mstari wa kwanza wa shamba upande kwa mbegu hata kama ni kidogo, ukifanikiwa ndio utakuwa kitalu cha shamba lililobaki.

Ukitaka kuvuna mbegu mwenyewe, acha mistari miwili usiikate hadi itoe maua. Hapo atakuja mbawakawa wa maua, mwenye mabaka meusi na ya njano au mekundu, anakula maua yote. Mwokote asubuhi akiwa bado mzito, mtumbukize kwenye maji ya sabuni, na uvae glavu kwa sababu majimaji yake yanatoa malengelenge kwenye ngozi. Maganda yakigeuka kahawia vuna kwa mkono kidogo kidogo kila siku mbili tatu, hayakomai kwa pamoja na yakikauka sana yanadondoka. Anika kivulini, yasugue kati ya viganja, upepete.

Mto_Mara

Nimechora shamba kwenye karatasi kwa vipimo hivi. Moja limebaki: shamba langu lina mteremko, mistari ya mahindi ifuate upande mrefu au ifuate kontua, yaani usawa unaokatiza mteremko?

Afisa_Mazao

Fuata kontua, hata kama mistari itakuwa mifupi na mingi zaidi. Desmodiamu ikishatandaa inashika udongo, na mbegu yake ndogo haitasombwa na mvua za kwanza. Hesabu upya urefu wote wa mistari kwa kamba, uzidishe kwa gramu 0.24 kwa mita, utapata mbegu ya kununua. Mpaka wa napia upande wa juu wa mteremko uuwahi kuliko pande nyingine, ndio utakaopunguza kasi ya maji kabla hayajafika kwenye miche.